Je, wajua kwa nini jina la kwanza kwenye BLAST huenda lisiwe la kiumbe chako?

Anayeanza kujifunza bayoinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za kibiolojia kwa kompyuta, awe Tengeru au katika maabara za Moshi, kwa kawaida hukutana mapema na programu ya BLAST. Hubandika herufi za DNA kwenye kisanduku, hubofya, na baada ya muda mfupi hupata orodha ya majina yaliyopangwa kuanzia linalofanana zaidi. Wengi huchukua jina la juu na kuliandika kwenye ripoti, wakiamini kwamba kompyuta imelinganisha mfuatano wao, herufi kwa herufi, na viumbe vyote duniani.

Lakini si viumbe vyote vilivyomo kwenye hifadhidata ambamo BLAST hutafuta. Hifadhidata ya GenBank, iliyoanza mwaka 1982 na ambayo hubadilishana data kila siku na hifadhidata wenza za Ulaya na Japani, ina yale tu yaliyowasilishwa na watafiti. Spishi ambayo DNA yake haijawahi kusomwa haiwezi kutokea kwenye orodha, na nafasi yake ya juu itakaliwa na jamaa yeyote wa karibu aliyemo. Isitoshe, jina ni lile lililotolewa na aliyewasilisha; kama alimtambua mdudu vibaya, kosa hilo humfikia kila anayetafuta baada yake.

Wala ulinganishaji haufanyiki herufi kwa herufi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ungechukua muda mrefu mno. Fikiria fundi cherehani aliyebaki na kipande cha kitenge, anayetaka kujua kilikatwa kwenye jora lipi kati ya mengi yaliyorundikwa dukani. Hakunjui kila jora. Huchagua ua moja dogo kwenye kipande chake, hupitisha macho akilitafuta, na akiliona ndipo hulaza kipande juu ya jora na kulinganisha kushoto na kulia mpaka michoro ianze kupishana. BLAST, iliyochapishwa mwaka 1990 na Stephen Altschul na wenzake, hufanya vivyo hivyo: hutafuta vipande vifupi vinavyolingana kabisa, mara nyingi vya herufi 11 kwa DNA, kisha hupanua pande zote mbili, ikiongeza alama kwa herufi zinazolingana na kupunguza kwa zisizolingana, na husimama pale alama zinaposhuka kupita kiasi.

Kipande cha herufi 11 peke yake hakithibitishi undugu. DNA ina herufi 4, hivyo michanganyiko inayowezekana ni 4,194,304. Katika mfuatano wa herufi bilioni 3 zilizopangwa bila mpango, urefu unaokaribia jenomu (DNA yote) ya binadamu, kipande cha namna hiyo kingetarajiwa kujitokeza mara 700 hivi. Ndiyo maana kando ya kila jibu kuna thamani ya E, yaani idadi ya mifanano yenye alama hizo au zaidi ambayo ingetarajiwa kutokea kwa bahati tu katika hifadhidata ya ukubwa huo. Haisemi lolote kuhusu usahihi wa jina. Jambo la kuvutia sana ni kwamba hifadhidata ikikua maradufu, E nayo huwa maradufu, ingawa katika mfanano wenyewe hakuna herufi hata moja iliyobadilika.

Chukua mbu wa mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, ambako Anopheles arabiensis ameenea. Ukitafuta kwa kipande cha COI, jeni ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati na zenye DNA yake), E huwa karibu na sifuri, lakini Anopheles arabiensis na Anopheles gambiae wanaweza kufuatana kwenye orodha kwa alama zinazokaribiana mno, kwa sababu spishi hizo zimewahi kuzaliana na kupitishiana mitokondria. Mfanano huo ni wa kweli, ila hauwatenganishi. Kwa kazi hiyo, maabara za malaria hutumia kipimo cha PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kinacholenga DNA ya ribosomu, ambako spishi hizo mbili hutoa vipande vya urefu tofauti.