Umeme wa gari la zamani Tanga: dhana potofu na ukweli wake

Gari linalolala nje Raskazone au Sahare hupigwa na upepo wa bahari usiku kucha. Upepo huo una chumvi, na chumvi ikipata unyevu huitafuna shaba polepole ndani ya konekta na chini ya kila nati inayoshika waya wa ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi. Ndiyo maana kwa Corolla ya miaka ya 1990, au Land Rover ambayo waya zake zimeshapitia mikono mingi, hitilafu huanzia zaidi kwenye maungio kuliko kwenye kifaa chenyewe. Lakini kinachobadilishwa kwanza ni kifaa. Mwenye gari ananunua betri, kisha stata (mota inayoamsha injini), kisha altaneta (mtambo unaochaji betri), na tatizo liko palepale. Mita ya dijitali ya bei nafuu, msasa laini, spana namba 10 na balbu moja ya taa ya breki vinatosha kugundua mengi kati ya haya.

"Gari haliwaki asubuhi, basi betri imekufa."

Pima kwanza. Betri nzima iliyojaa, baada ya kupumzika usiku, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na 12.0 kushuka chini iko karibu tupu. Betri tupu si lazima iwe mbovu. Huenda haichajiwi, au kuna kitu kinainyonya gari likiwa limezimwa.

Kutafuta kinachonyonya ni kazi ya subira. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, fungua waya wa hasi wa betri, kisha weka mita kwenye ampia 10 kati ya nguzo ya hasi na waya huo. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Subiri dakika chache. Gari la zamani lenye saa na redio halipaswi kuvuta zaidi ya ampia 0.05. Ukikuta 0.4, piga hesabu: kwa siku moja ni karibu ampia-saa 10, na betri ya ukubwa wa NS60 ina ampia-saa 45 tu, kwa hiyo siku ya tatu hupati mwako. Sasa chomoa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Ile inayoshusha namba ndiyo njia yenye mwizi. Mara nyingi utakuta redio iliyofungwa kiholela, alamu, au taa ya buti isiyozimika. Fyuzi zote zikiisha na namba haijashuka, shuku dayodi za altaneta, yaani vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Waya mnene wa altaneta hauzuiwi na fyuzi hizo ndogo.

"Chomoa kichwa cha betri gari likiwa linaunguruma, lisipozima, altaneta ni nzima."

Hili liache kabisa. Kipimo hiki kilitoka enzi za dainamo. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa na kuua dayodi, rigoleta (kidhibiti cha volti) au kompyuta ya injini. Tena gari lenye altaneta mbovu kwa sehemu linaweza kuendelea kuunguruma, ukadhani limepona. Pima kwenye betri, injini ikiwa juu kidogo ya mwendo wa kupumzika: iwe kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kuu na feni; ikianguka chini ya 13.2, kagua mkanda, waya wa altaneta na brashi zake. Kisha geuza mita kwenye volti za AC (umeme unaogeuka-geuka upande). Ikizidi 0.5, kuna dayodi iliyokufa.

Angalia pia taa ya betri kwenye dashibodi. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa kuamsha altaneta hupitia balbu hiyo. Ikiungua, altaneta nzima kabisa inaweza isichaji.

"Testa imewaka, kwa hiyo umeme upo."

Dhana hii inagharimu watu pesa nyingi kuliko zote. Waya uliooza ukabaki uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 kwenye mita, na hata kwenye kipimo cha omu (ukinzani wa waya) utaonekana mzima. Ukiupa mzigo wa ampia 10, unasalimu amri. Ukinzani wa omu 0.2 tu unakula volti 2 kwa mzigo huo, na taa kuu inakuwa ya manjano kama koroboi.

Umeme unaokwenda lazima urudi, na kwenye gari unarudi kupitia bodi. Kwa hiyo pima upotevu wa volti mzigo ukiwa unafanya kazi. Washa taa, gusisha waya mweusi wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, na mwekundu kwenye pini ya ethi ya taa. Ukiona zaidi ya 0.2, ethi ni mbovu. Fungua nati, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu yake.

Dalili za ethi mbovu huchanganya akili: unakanyaga breki, indiketa inafifia, unawasha taa ndogo nyuma, taa ya breki upande mmoja inawaka kidogo. Umeme umekosa njia ya kurudi na unapita kwenye balbu za jirani. Usibadilishe swichi kabla ya kukagua ethi ya taa hiyo.

"Stata inalia tak, inahitaji kutengenezwa."

Huenda. Lakini kabla ya kuifungua, mwenzako apige ufunguo huku umeweka pini moja ya mita juu ya nguzo ya betri na nyingine kwenye kichwa kinachoishika. Kama ni zaidi ya 0.2, kuna uchafu katikati: osha kwa maji ya moto yenye magadi, kwangua, kaza. Kisha pima kati ya nguzo ya hasi na bloku ya injini. Ikizidi 0.5, tatizo ni waya wa ethi wa injini. Ethi hiyo ikikatika, umeme wa stata hujaribu kupita kwenye kebo ya gia au ya mafuta na kuichoma.

"Fyuzi ikikatika ovyo, weka kubwa zaidi."

Fyuzi inalinda waya. Ukiweka ya ampia 30 ya kijani mahali pa 10 nyekundu, au ukasokota uzi wa shaba, kitakachoungua safari nyingine ni waya ndani ya dashibodi. Toa fyuzi, zima vifaa vya njia hiyo, kisha unganisha balbu ya wati 21 mahali pake. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu itazuia umeme usizidi ampia 2. Tikisa fungu la waya kidogo kidogo, hasa linapopita kwenye tundu la chuma au bawaba ya mlango. Balbu ikizima, umefika.

"Sokota, piga tepu, imekwisha."

Kwa joto la Tanga gundi ya tepu huyeyuka, na masika yakianza Machi maji hupenya. Lehemu kwa risasi au bana kwa kiungio chenye mpira wa kusinyaa kwa joto, na ushikize waya usicheze. Usizibe kwa silikoni yenye harufu ya siki, kwani asidi yake hula shaba.

"Maji ya betri yakipungua, ongeza tindikali."

Kilichokauka ni maji; tindikali imebaki ndani. Ongeza maji yaliyokenekwa mpaka yafunike sahani, basi. Maji ya kisima yasiguse, maana visima vya pwani vina chumvi.