Nimonia: mtoto anayehema haraka hasubiri kesho

Nimonia ni nini?
Ni maambukizi ya mapafu. Vifuko vya hewa hujaa majimaji na usaha, mtoto akakosa pumzi. Kwa upande wa bakteria, anayeongoza ni pneumokoka. Stafilokoka si wa mara nyingi, lakini akiingia ni mkali.

Si upepo wa bahari uliompiga?
Hapana. Hapa Tanga kusi likianza kuvuma, mtoto huvalishwa masweta na kuchuliwa kifua, siku zinapita. Bakteria huenezwa kwa kikohozi na chafya. Moshi wa kuni nao unamwongezea hatari, basi asibebwe mgongoni unapopika.

Nilimpa kapsuli za rangi mbili za dukani, homa imeshuka. Niache?
Usiache, mlete hospitali. Kapsuli inafunguliwa, unga unamwagwa kwenye kijiko cha uji, nusu leo, nusu kesho. Hicho si kipimo cha dawa. Homa kushuka si kupona. Bakteria waliobaki huendelea kimyakimya, na wiki ijayo tunamkuta na usaha kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hapo ni kutoboa kifua na kuweka mpira wa kuunyonya. Wengine hupata jipu ndani ya pafu, au bakteria huingia kwenye damu na kufika hadi utando wa ubongo. Dawa aliyoandikiwa baada ya kupimwa aimalize, hata akianza kucheza siku ya pili.

Bibi yake anataka akatwe kimeo.
Shikamoo zake, lakini hapana. Kimeo hakileti nimonia. Kukikata kunaleta damu na maambukizi mengine.

Nitaijuaje nyumbani?
Mvue nguo akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Tazama na chini ya mbavu: pakibonyea ndani kila anapovuta hewa, ondoka nyumbani.

Chanjo inasaidia?
Sana. Ya pneumokoka hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Usiruke hata moja.

Ni usiku, tusubiri kukuche?
Msisubiri. Anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au mwenye degedege hasubiri adhana ya alfajiri. Gongeni mlango wa jirani mwenye bajaji, mwende hospitali ya Bombo. Na vidonge mlivyompa, hata vilivyobaki viwili, njooni navyo tuvione.