FGF23: homoni ya mfupa inayoiamuru figo

Ndani kabisa ya mfupa mgumu kuna seli ziitwazo osteositi. Seli hizi hutengeneza homoni ya FGF23, ambayo huingia kwenye damu na kwenda kufanya kazi kwenye figo. Jeni yake ilihusishwa na aina mojawapo ya matege ya kurithi mwaka 2000.

Kazi yake kubwa ni kupunguza fosfeti inapozidi mwilini. Kwenye figo, FGF23 hushika kipokezi kinachohitaji protini mwenza iitwayo klotho. Kwa kawaida mirija ya figo hurudisha sehemu kubwa ya fosfeti kwenye damu. FGF23 ikifika, vibebeo vya fosfeti hupungua na madini hayo hutoka na mkojo. Wakati huohuo figo hupunguza kutengeneza kalsitrioli, yaani vitamini D iliyo tayari kutumika, na kuivunja iliyopo. Utumbo nao basi hufyonza fosfeti kidogo.

Shida huanza homoni hii ikizidi bila sababu. Katika XLH, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa fosfeti, hitilafu ya jeni ya PHEX huipandisha FGF23 tangu utotoni. Miguu ya mtoto hupinda, na wengi humpa vitamini D ya kawaida wakidhani ni matege ya lishe. Hayanyooki, maana fosfeti inaendelea kumwagika. Kupima kalsiamu peke yake hakusaidii, kwa kuwa mara nyingi huwa ya kawaida. Pima pia fosfeti, ambayo itakuwa chini, na ALP, kimeng'enya cha damuni kinachohusiana na mifupa, ambayo itakuwa juu. Tiba ya zamani ni fosfeti ya kunywa pamoja na kalsitrioli. Fosfeti hiyo hugawanywa mara kadhaa kwa siku, kwani ikinywewa kwa mkupuo huharisha. Tangu 2018 ipo pia burosumab, sindano inayoizuia FGF23 yenyewe. Watoto huchomwa kila baada ya wiki 2.

Kwa wenye ugonjwa sugu wa figo, FGF23 hupanda mapema, hata kabla fosfeti haijapanda. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kunenepesha msuli wa moyo, bila hata kuhitaji klotho. Kwa binadamu viwango vya juu huambatana na moyo wa namna hiyo, ila kama ndiyo chanzo bado wataalamu wanabishana.

Jambo moja husahaulika wodini: dawa ya chuma ya mshipani aina ya ferric carboxymaltose inaweza kupandisha FGF23 na kushusha fosfeti. Mgonjwa akilalamika uchovu mkubwa au maumivu ya mifupa baada ya kuipata, hasa kwa dozi za kurudia, apimwe fosfeti.