Umebatizwa, sasa wewe ni wa nani?

Kila Pasaka inapokaribia, wazazi wa hapa Bagamoyo huja kuandikisha watoto wao ubatizo, na maswali huwa yale yale. Mengi yametoka mtaani.

"Mtoto lazima apewe jina la Kizungu." Si kweli. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataka tu jina lisiende kinyume na moyo wa Kikristo. Neema, Tumaini na Subira ni majina ya ubatizo kamili. Mama mmoja alitaka kumrithisha bintiye jina la bibi, la Kizaramo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama padri atamkatalia. Iliniumiza kwamba jina la bibi mzaa mama linaulizwa kwa kunong'ona.

"Bila padri hakuna ubatizo." Kwa kawaida hubatiza askofu, padri au shemasi. Lakini mtu akiwa hatarini kufa, yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya lile Kanisa linalofanya. Anammwagia maji kichwani na kusema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza. Parokia iarifiwe baadaye, iandike kitabuni. Na mama aliyefiwa na kichanga kabla ya ubatizo asiambiwe na mtu kwamba mwanawe amepotea: Katekisimu ya mwaka 1992, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu.

"Ukihama kanisa, unabatizwa upya." Hili ndilo linaloleta machozi kwenye ndoa. Mlutheri wa Lushoto akichumbiwa na Mkatoliki wa Bagamoyo, halazimiki kuhama kanisa ili aolewe. Akiamua mwenyewe kuingia Ukatoliki, anakiri imani na kupewa kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu. Maji hamwagiwi tena. Ni hivyo hivyo kwa Mwanglikana wa Muheza. Yapo makanisa, kama ya Kibaptisti na mengi ya Kipentekoste, yanayofundisha kwamba mtu abatizwe baada ya kukiri imani kwa kinywa chake, tena kwa kuzamishwa. Tofauti hiyo ni ya kweli, nami siifichi. Ninachokikataa ni mawifi kumwambia bibi harusi, "Sasa umekuwa wa kwetu," kana kwamba maji yale ni mahari. Wakorintho nao walijigawa, huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Paulo akawauliza kama walibatizwa kwa jina lake.

"Misheni iliwanunua watumwa, ikawabatiza ili iwamiliki." Neno hili ni zito katika mji huu, na linastahili jibu la heshima. Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la wamisionari Wakatoliki, walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakatoa fedha kuwakomboa watumwa, wakawajengea kijiji. Maisha pale yalikuwa na amri nyingi, na anayelisema hilo hakosei. Lakini ubatizo wenyewe hauwezi kuwa hati ya umiliki. Barua kwa Wagalatia inasema waliobatizwa wamemvaa Kristo, na ndani yake hakuna tena mtumwa wala huru. Mtu aliyekwisha kutajiwa bei sokoni, fikiria alivyolisikia neno hilo.

Ukitaka kuliona kwa macho, njoo kwenye Kesha la Pasaka, usimame karibu na kisima cha ubatizo. Padri anawauliza wazazi: mtoto huyu mmempa jina gani? Wanalitaja. Anachota maji, mtoto anashtuka na kulia, bibi anampangusa paji kwa ncha ya khanga. Ubini haukutamkwa, wala kabila, wala nyumba aliyotoka. Limeitwa jina lake peke yake, likafuata la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.