Mahari si ya baba

Lamu, kama kwingi pwani, utasikia baba wa bwana harusi akilalamika: "Wametuuzia mwanamke ghali." Hakuna aliyeuziwa kitu. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Sura An-Nisaa, aya ya 4, inaamrisha apewe yeye. Baba, mjomba wala kaka hana haki ya kuyagusa bila ridhaa yake.

Kosa huanzia kwenye bahasha. Humo hutiwa mahari, kilemba na mkaja, yaani zawadi za baba na mama wa bibi harusi, vyote pamoja, kisha msemaji hutaja jumla moja. Kilemba na mkaja ni mila zetu, tena nzuri, lakini si mahari. Mke akija kudai khului, yaani kujivua kwa kurudisha mahari, mume hudai bahasha nzima, na hapo kwa kadhi panakuwa kazi.

Basi tenganisheni. Kabla ya nikahi, bibi harusi aulizwe anataka nini. Katika cheti yaandikwe mahari hayo tu, na yaelezwe kama ni taslimu au ni deni. Neno "deni" lisiachwe hewani: mume akifa, hulipwa kutoka mali yake kabla ya warithi kugawana, na hivyo mjane hupata hilo juu ya fungu lake la urithi. Talaka ikitoka kabla hawajakutana kimwili, mke ana nusu ya mahari yaliyotajwa.

Akitaka kumsamehe mumewe mahari, ni hiari yake, ila asishikiwe kalamu.