Mtoto aliyenyamaza anaogopa kiasi gani? Kupima hofu kabla ya upasuaji

Ukiingia kwenye chumba cha kusubiria upasuaji, macho huenda kwanza kwa mtoto anayelia. Mimi huwaomba wenzangu wa idara ya dawa za usingizi waanze na yule aliyekaa kimya pajani kwa mama yake, kidole mdomoni, hatazami mtu mwingine. Faili lake mara nyingi huandikwa "ametulia", lakini akipimwa sawasawa, hofu yake hukutwa iko juu.

Mtoto wa miaka 3 ukimuuliza "unaogopa?" hupati jibu la kutegemea, na dodoso la kujaza linamtaka mtoto mkubwa zaidi. Kukisia kwa mzazi nako hakutoshi. Ndiyo maana tunapima kwa kutazama. Kipimo ninachokitumia ni mYPAS, yaani kipimo cha Yale cha hofu kabla ya upasuaji kilichorekebishwa, kilichotokana na kile ambacho Zeev Kain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikitoa mwaka 1995 na kukirekebisha 1997. Kina vipengele 5: mwili unavyojishughulisha, sauti, hisia usoni, kiwango cha tahadhari, na jinsi mtoto anavyomtumia mzazi. Sauti ina ngazi 6, vingine vina 4 kila kimoja. Kwa aliyezoea, kazi yote haifiki dakika 1.

Hesabu iko hivi: ngazi uliyompa igawe kwa idadi ya ngazi za kipengele hicho, jumlisha vyote vitano, kisha zidisha kwa 20. Mtoto aliyepata 1 kila mahali ana 23.33, juu kabisa ni 100. Mstari unaotumika sana ni 30: akiuvuka, ana hofu kubwa. Kosa ninalolikuta mara kwa mara kwenye fomu ni kugawa sauti kwa 4. Kilio cha ngazi ya 6 hapo kinakuwa 1.5, na alama zinaweza kupita 100.

Sasa mrudie yule mtoto kimya. Hachezi, anachezea vidole vyake: 2 kati ya 4. Hatoi sauti wala hajibu: 3 kati ya 6. Uso hauonyeshi kitu: 2 kati ya 4. Amejikunyata, hasogei: 2 kati ya 4. Anamtazama mama kila mara bila kuomba kubembelezwa: 3 kati ya 4. Jumla ni 2.75, ukizidisha kwa 20 unapata 55. Huyo ndiye "ametulia" wa kwenye faili.

Ngazi za sauti ndizo zinazotatiza. Ya 1 ni anayeongea, kuuliza, kucheka. Hata aliyezama kwenye mchezo asisikie swali lako anabaki hapo. Ya 2 ananong'ona au anaitikia kwa kichwa tu. Ya 3 ni kimya kisicho na jibu. Ya 4 anaguna au machozi yanamtoka bila sauti, ya 5 analia au anapiga kelele "sitaki!", na ya 6 ni mayowe yasiyokatika.

Hapa kwetu kuna jambo la kuangalia. Watoto wengi wamelelewa wasijibizane na mkubwa wasiyemjua, kwa hiyo kuitikia kwa kichwa huweza kuwa adabu. Sibadilishi fomu kwa sababu hiyo. Namwomba mama amuulize mwenyewe kitu chepesi, mfano "kuku wetu wako wangapi?", nami nasimama pembeni. Akimjibu mama kwa sauti yake ya kawaida, nampa ngazi anayostahili. Vivyo hivyo kwa aliyefungwa kwa khanga mwilini mwa mama: kubebwa peke yake si dalili ya kung'ang'ania. Tazama anachofanya mtu mwenye nguo za thieta anapokaribia.

Pima angalau mara mbili: kwenye chumba cha kusubiria kabla hajatenganishwa na mzazi, na barakoa ya dawa ya usingizi inaposogezwa usoni, maana hapo ndipo hofu hufika kileleni. Mzazi akiwa hayupo, usijaze 1 kwenye kipengele chake ukidhani ni salama. Utakuwa umeshusha alama kwa uongo. Tumia vipengele 4 na uzidishe kwa 25. Toleo fupi la kipimo hiki nalo limeacha kabisa kipengele cha mzazi.

Aliyeshika barakoa asipime. Mikono yake ina kazi, na anatamani mambo yaende vizuri. Andika pia muda wa dawa ya kutuliza kama imetolewa, muda wa mwisho wa kunywa chochote, na kama kuna maumivu. Mkono uliovunjika na njaa ya tangu usiku huliza mtoto kama hofu inavyomliza, na kipimo hakitofautishi.

Kabla ya kuamini namba zenu, wawili wampime mtoto yuleyule bila kuoneshana, mlinganishe ngazi kwa ngazi. Mkitofautiana, mara nyingi ni kwenye tahadhari: mmoja ameona mtoto "mtulivu", mwenzake ameona aliyejifungia ndani. Rudini mkamtazame shingo na mabega. Aliyetulia kweli hugeuza kichwa mlango ukifunguliwa, akaangalia ni nani, kisha akaendelea na shughuli zake.