Je, wajua kwa nini tamasha lililosikika safi ukumbini hupasuka kwenye rekodi?

Bendi inapiga, mwimbaji anapandisha sauti mpaka mwili unakusisimka. Kinasa sauti kipo mezani, taa nyekundu inawaka, nawe una hakika kila kitu kinaingia. Usiku unavaa hedifoni, na pale pale mwimbaji alipopanda ndipo unaposikia mkwaruzo, kama karatasi inayochanwa. Ukumbini hukuusikia kwa sababu haukuwepo. Umezaliwa ndani ya kinasa.

Kinasa cha kidijitali hulipima wimbi la sauti mara nyingi mno kwa sekunde: mara 44,100 kwa CD, mara 48,000 kwa kawaida ya video. Kila kipimo huandikwa kama namba, na namba hizo zina dari. Kwenye mita ya kinasa, ile inayoonyesha ukubwa wa sauti, dari hiyo ni 0, na kila kilicho chini yake husomwa kwa desibeli hasi: -6, -12, -20. Juu ya 0 hakuna kitu. Wimbi likitaka kupita hapo, kinasa hurudia kuandika namba ile ile ya juu kabisa mpaka wimbi lishuke lenyewe.

Fungua rekodi hiyo kwenye programu ya kuhariri, ulikuze wimbi hadi uone mstari mmoja mmoja. Pale palipotakiwa kuwa na kilima chenye mgongo wa mviringo utakuta kilima kilichokatwa kichwa, kimekuwa bapa kama meza. Zile kona kali za meza huzaa masafa ambayo hakuna chombo jukwaani kilichoyapiga, na hayo ndiyo mkwaruzo. Zipo programu zinazojaribu kukisia kilele kilichopotea, na mkato mfupi huwa zinauziba vizuri. Mkato mrefu katikati ya sauti ya mtu hauzibiki.

Kanda za sumaku zilikuwa na huruma zaidi. Zilipozidiwa zilivilainisha vilele taratibu, na wapo walioupenda mlio huo. Tena kanda ilikuwa na mvumo wake wa chini, ule wa "shhh", kwa hiyo mafundi walifundishwa kurekodi kwa nguvu ili muziki uufunike. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa kanda, lakini ukahamia kwenye vinasa vya kidijitali, na huko umeharibu matamasha mengi. Kila biti moja, yaani tarakimu moja ya 0 au 1 katika namba ya kila kipimo, huongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na dari. Biti 16 hutoa kama desibeli 96, biti 24 hutoa 144 kwa hesabu, ingawa kwa vitendo saketi zenyewe hufika karibu na 120. Ukirekodi kwa biti 24 ukaacha desibeli 12 tupu juu, hupotezi chochote ambacho sikio litakidai. Pumzi za watu na mvumo wa spika ukumbini ni mkubwa kuliko mvumo wa kinasa.

Kwa hiyo wakati wa kujaribu vyombo mimi huweka vilele karibu na -18. Wengine huona nimeweka chini mno. Lakini mpiga ngoma anayejaribu vyombo mbele ya viti vitupu si yule atakayepiga watu wakishajaa. Damu ikichemka kila mmoja jukwaani huongeza nguvu, na kilele cha -18 kinaweza kuishia -8 bila mtu kugusa kitu. Hapo nina amani.

Kuna mtego mmoja ambao mita haiuonyeshi. Wimbi linaweza kukatwa kabla halijafika kwenye mita, katika saketi ya kwanza inayokuza sauti ya maiki. Ukiipandisha geini ya maiki, yaani kiasi cha kuikuza, kupita kiasi kisha ukateremsha kitelezi mbele yake, mita itasoma -10 kwa utulivu huku kilima kimeshakatwa kichwa. Ndivyo inavyotokea pia mtu anapochomeka waya kutoka kwenye mikseri, mashine inayochanganya sauti za jukwaani, katika tundu la maiki badala ya tundu la laini, lile la sauti iliyokwisha kukuzwa. Hata vinasa vipya vya biti 32 vya desimali, ambavyo dari yake ya namba haifikiki, haviponyi jeraha lililotokea kabla yake.

Tuseme umepokea sauti safi kutoka kwa fundi mitambo. Unasikiliza: mwimbaji yuko mbele kabisa, ngoma hazisikiki. Fundi hajakosea. Mikseri huongeza kile tu kinachopungua ukumbini, na katika ukumbi mdogo ngoma zinajitosheleza zenyewe. Ndiyo maana inafaa kuweka maiki nyingine kati ya watu, kisha kuchanganya njia mbili hizo.

Hapo linaibuka suala la umbali. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita 17 kutoka jukwaani huisikia ngoma ikiwa imechelewa milisekunde 50 hivi, wakati sauti ya mikseri imefika papo hapo kupitia waya. Ukizichanganya hivyo hivyo, pigo moja linasikika mawili. Tafuta pigo moja kali, likuze katika njia zote mbili, usogeze moja mpaka yalingane. Kama ulitumia vinasa viwili tofauti, kagua na mwisho wa tamasha: saa zake zikitofautiana sehemu 20 kwa milioni, baada ya saa moja zimeachana milisekunde 72.

Kwenye kuhariri, adui wa kwanza huwa makofi. Mtu mmoja aliyepiga kofi karibu na maiki anaweza kuacha kilele kirefu kuliko wimbo wowote. Ukiiambia programu ipandishe kila kitu hadi karibu na 0, itasimama kwenye kofi hilo na muziki utabaki chini. Nayashusha makofi ya namna hiyo kwa mkono, moja moja, ndipo nipandishe yote. Kuondoa miungurumo ya chini nako kuna mahali pake. Watu hukata kila kitu chini ya hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, na kwa njia ya mwimbaji ni sawa, lakini uzi mnene wa gitaa la besi huanzia karibu hezi 41. Ukikata njia zote, umeng'oa msingi wa bendi.

Kati ya wimbo na wimbo sipendi kuweka kimya kitupu, maana ukumbi hauko kimya kamwe. Nakata katikati ya vigelegele, nazipishanisha ncha mbili kwa sekunde moja au mbili, moja ikififia huku nyingine ikipanda, na msikilizaji hajui kwamba dakika tatu za kufunga nyuzi za gitaa zimeondoka.